Mgongo wa Kabiru

Nilimfahamu Eliakim Murunga kwa sababu ya kiuno changu. Miaka thelathini na mmoja ya kusimama mbele ya ubao ilikuwa imenimaliza, na nilipostaafu mwaka wa 2018 nikawa mtu wa kuamka asubuhi kwa kushikilia ukuta. Mwalimu mwenzangu akanielekeza Langas, mtaa wa hapa Eldoret, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwa mtu aliyewahi kukanda wakimbiaji. "Hana vyeti ukutani," akaniambia, "lakini wewe nenda tu."

Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, wa maneno machache. Mtu akimwita daktari alimsahihisha papo hapo: "Mimi nakanda tu." Nilikwenda kwake kila Jumatatu. Ulipita karibu mwaka kabla hajaanza kunieleza habari za Kabiru, na alinieleza vipande vipande, mimi nikiwa nimelala kifudifudi, uso wangu umeingia kwenye tundu la meza. Kwa hivyo sikuwahi kumwona usoni akisema maneno hayo. Nafikiri alitaka iwe hivyo. Yaliyobaki niliyapata kwa mkewe, Nasike, na kwa Wahu, mke wa Kabiru. Hapa nayapanga tangu mwanzo.

Murunga alitoka Kimilili mwaka wa 1994 akitafuta kazi ya kiwandani. Hakuipata. Akaishia kufagia na kuchota maji katika kambi moja ya wakimbiaji karibu na Plateau. Kambini hapo kulikuwa na mkandaji aliyesomea kazi hiyo Nairobi, lakini viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Siku ambazo vidole vilikataa, alimwita Murunga, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya paja la mkimbiaji. "Usisukume," alimwambia. "Tulia kwanza. Nyama yenyewe itakuonyesha shida iko wapi." Baada ya miaka mitatu, wakimbiaji walikuwa wakimngoja mfagiaji.

Alipooa alipanga vyumba viwili Langas, na jioni na Jumapili akawa anawakanda majirani: wafua nguo, wapagazi wa sokoni, akina mama waliobeba viazi mgongoni tangu utoto. Jirani wa mlango wa pili alikuwa fundi seremala, Kabiru, mtu mrefu mwenye mizaha. Ndiye aliyemtengenezea meza ya kukandia. Ili kupata kipimo cha tundu la uso, Kabiru alilala kifudifudi juu ya mbao na kumwambia Murunga achore kwa penseli kuzunguka mashavu yake. Watoto wao walikula nyumba hii na nyumba ile. Wahu na Nasike walikuwa katika chama kimoja cha kuweka akiba. "Hatukuwa marafiki wa kutangaza urafiki," Murunga aliniambia. "Tulikuwa tunaazimana chumvi na ngazi."

Ndipo ukaja uchaguzi wa Desemba 2007.

Kila mtu wa hapa anazijua siku zile, sitazirefusha. Matokeo yalitangazwa Jumapili. Jumanne ilikuwa mwaka mpya. Wahu na watoto walikuwa mji mdogo wa Burnt Forest kwa mama yake tangu Krismasi, na huko nako watu walikuwa wamekimbilia kituo cha polisi. Kabiru alikuwa amebaki Langas kuilinda karakana yake. Asubuhi hiyo kundi la vijana lilipita mtaani likigonga mabati ya kila ploti ya wapangaji na kutangaza kwamba atakayemficha mtu wa kabila la akina Kabiru ataungua pamoja naye. Murunga alifunga mlango. Nasike na watoto watatu walikaa sakafuni, chini ya dirisha. Mkubwa wao, Nekesa, alikuwa na miaka tisa.

Saa tisa alasiri mlango ukabishwa.

"Murunga. Ni mimi, Kabiru. Fungua."

Murunga alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Alimtazama mkewe. Nasike aliwatazama watoto.

Mlango ukabishwa tena, safari hii kwa kiganja, polepole, kama mtu asiyetaka kusikiwa na wengine.

"Murunga, wako hapo kwa kona. Fungua, ndugu yangu."

Nekesa alitaka kusema kitu, mama yake akamziba mdomo. Halafu walisikia nyayo zikikimbia kuelekea uani, mabati ya ua yakilia, kisha sauti za watu wengi. Zilidumu kwa muda gani, Murunga hakuweza kuniambia. Aliniambia tu kwamba mkono wake haukuondoka kwenye komeo, na kwamba lilikuwa komeo jepesi, la kuvutwa kwa vidole viwili.

Kabiru alipigwa kwa nondo na mawe, mgongoni na begani, akaachwa mtaroni kando ya barabara. Aliyemwokota alikuwa mtu asiyemjua kabisa: Bilal, dereva wa lori kutoka Garissa, aliyekuwa akiutoroka mji na mzigo wa vitunguu. Bilal alisimamisha lori mchana kweupe, akamlaza katikati ya magunia, akamfikisha hospitali, kisha akaendelea na safari yake. Kabiru alilijua jina lake kwa sababu aliliuliza kabla ya kuzimia.

Langas, habari zilizozagaa zilikuwa kwamba Kabiru amekufa. Murunga aliishi na habari hizo miezi miwili. Aliendelea kwenda kambini kukanda miguu ya watu, akirudi anakula, analala. Mwezi wa Machi mwanamke mmoja wa chama akamwambia Nasike kwamba si kweli, Kabiru yuko hai, yuko na mkewe kwenye mahema ya wakimbizi, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Murunga alifunga pakiti mbili za unga na sukari, akaenda. Alimwona kwa mbali, kati ya mahema. Kabiru alikuwa amelala kwenye mkeka, na Wahu alikuwa akimsaidia kugeuka. Alimgeuza kwa kumvuta bega, na Kabiru akauma shuka. Murunga alisimama akiangalia. Kwa namna mguu wa kushoto ulivyobaki nyuma, na bega lilivyopanda hadi sikioni, alijua hasa ni misuli gani imejikaza ili kulinda mfupa gani. Alijua pia Wahu alipaswa kumshika wapi ili asimuumize. Angeweza kumwonyesha kwa dakika tano.

Akampa zile pakiti mwanamke aliyekuwa akifua karibu na lango, akamwomba amfikishie Mama Wanja, kwa kuwa Wanja ndiye kifungua mimba wa Wahu. Hakutaja jina lake mwenyewe. Akarudi nyumbani.

"Nitakwambia kitu, Mwalimu," aliniambia Jumatatu aliponisimulia hayo, na vidole vyake vikatulia kiunoni mwangu. "Siku ya mlango niliogopa. Mtu anaweza kuogopa. Lakini siku ya mahema hakukuwa na panga. Na miezi ile ya kwanza ndiyo ya kazi. Mwili ukiumia hujikunja kujilinda, na usipoambiwa mapema kwamba hatari imepita, unasahau kujikunjua. Mimi nilijua hivyo, na nikaenda zangu."

Mwaka uliofuata Kabiru na Wahu walihamia Nyandarua kwa jamaa. Maisha hayakushika. Mwaka wa 2012 walirudi Eldoret, wakapanga upande mwingine wa Langas, na siku moja ya Mei, Murunga akiwa amekwisha acha kambi na kufungua chumba chake nyuma ya duka la dawa za mifugo, mlango wake ulifunguliwa na Wahu. Nyuma yake alikuwepo mtu aliyeinama, mwenye fimbo.

"Baba Nekesa," Wahu alisema, "tumekutafuta mji mzima. Kumbe uko hapa."

Kabiru hakuwa na umri wa kushika fimbo. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliingia, akaangalia chumba, macho yakatua kwenye meza, akacheka kama zamani.

"Bado unatumia hii? Nilikwambia itakuzika."

Walimweleza. Miaka minne alikuwa akiishi kwa vidonge vya maumivu, asubuhi viwili, jioni viwili, siku mbaya sita. Sasa tumbo lilikuwa limepata vidonda na hospitali ilikuwa imemkataza. Huko hospitali walimwambia mfupa ulishaunga, ila misuli na neva ndizo zinazomsumbua, na kwamba atafute mtu wa kumkanda mara kwa mara. Hakuweza kushika randa kwa zaidi ya dakika chache. Alikuwa akilala amekaa.

Murunga aliomba picha ya eksirei, akampelekea mtaalamu mmoja wa viungo aliyefahamiana naye tangu enzi za kambi, akaambiwa asiguse uti wenyewe bali afanye kazi kandokando yake. Alhamisi iliyofuata, Kabiru alipanda kwenye meza aliyoitengeneza mwenyewe na kuweka uso kwenye tundu lililochorwa kwa mashavu yake. Lilikuwa limemzidi. Alikuwa amekonda.

Murunga alianzia miguuni. Hiyo ndiyo desturi yake hata leo: haendi palipo na uchungu kwanza. Alishika visigino tu kwa muda, kisha akapanda pole pole, vigimbi, mapaja, nyonga, akiweka kitambaa cha moto na kukiondoa. Alipofika mgongoni aliyaona makovu. Moja lilitoka begani hadi katikati ya mgongo, nene kama kamba. Chini ya mfupa wa bega kulikuwa na fundo gumu, na alipoliwekea kidole bila kubonyeza, Kabiru alishusha pumzi ndefu.

"Hapo ndipo," alisema kutoka tunduni. "Hapo ndipo panaponinyima usingizi."

Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia. Alisimulia kama watu wanavyofanya wakikandwa, ulimi ukilegea pamoja na nyama. Alisema jinsi alivyotoka karakana ilipowashwa moto, jinsi alivyopitia vichochoroni.

"Nilibisha kwako," alisema. "Nilibisha mara mbili. Nikaona kimya, nikajua mlishaondoka. Na unajua, Murunga, hata wakati ule nilishukuru Mungu. Nilisema angalau hawa wametoka mapema na watoto."

Mikono ya Murunga ilikuwa juu ya kovu.

"Eh," alijibu.

Hilo ndilo neno pekee alilosema. Neno hilo moja, aliniambia, lilikuwa zito kuliko komeo.

Kwa miaka mitano Kabiru alikuja kila Alhamisi saa nne. Murunga hakumdanganya kuhusu kupona. "Sitakuponya," alimwambia. "Nitakupunguzia tu, ili siku nzuri ziwe nyingi kuliko mbaya." Na zikawa nyingi. Mwezi wa pili wa kukandwa alilala chali usiku mzima. Mwezi wa tano aliacha fimbo nyumbani. Alifundishwa kunyoosha mguu kitandani kabla ya kushuka, kuweka chupa ya maji moto chini ya bega, kupumua hadi tumboni uchungu ukija badala ya kuuzuia kwa meno. Alikuwa na kipimo chake cha maumivu. Siku nzuri alisema, "Leo nimeamka binadamu." Siku mbaya alisema, "Leo nimeamka mbao." Akarudi kwenye useremala kidogo kidogo: viti vya chini, meza ndogo, fremu za picha. Wanja alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, Kabiru aliweza kumbeba binti yake hatua mbili, watu wakapiga makofi.

Uchungu haukwisha. Wiki ya uchaguzi wa Machi 2013 alikuja akiwa amekaza mgongo mzima hivi kwamba Murunga alimaliza saa nzima bila kulifikia lile fundo. Hakuna aliyetaja uchaguzi. Mwili wake ulikuwa unaijua kalenda.

Kabiru alimtengenezea Nasike viti viwili, akakataa shukrani. Nasike alivipokea, akaviweka sebuleni, na kwa mwezi mzima hakuvikalia.

"Tutamwambia lini?" Nasike alimuuliza mumewe.

"Tumwambie nini?"

Nasike aliniambia yeye mwenyewe kwamba hakurudia swali hilo. "Na mimi nilikuwa ndani," alisema. "Sikumwambia afungue. Kila akitaka kuubeba mzigo peke yake, namkumbusha kwamba nilikuwa nimekaa hapo, na mdomo ninao."

Uchaguzi wa 2017 ulikuwa wa tarehe nane Agosti. Alhamisi iliyotangulia, mji ulikuwa nusu mtupu. Magari ya kwenda Nakuru na kwingineko yalijaa watu na magodoro. Kabiru alikuwa amemsafirisha Wahu na watoto wadogo hadi Nyandarua, yeye akabaki. Alipanda mezani akiwa amejikaza kuliko kawaida, lakini alikuwa na mizaha.

"Mambo yakiharibika nitakuja kubisha tena kwako," alisema tunduni. "Safari hii najua mko."

Alikuwa anatania. Murunga aliniambia kwamba kama Kabiru angelia, au angemlaumu mtu, pengine angeweza kunyamaza kama alivyonyamaza miaka yote. Mzaha ndio uliomshinda.

"Hata wakati ule tulikuwako," alisema.

Kabiru hakusogea. Murunga aliusikia mgongo ukibadilika chini ya viganja vyake, kuanzia kiunoni ukipanda, kama maji yanavyoganda. Kazi ya miaka mitano, alisema, aliisikia ikifungika kwa muda wa pumzi mbili.

"Ndani?" Kabiru aliuliza.

"Ndani. Mimi na Nasike na watoto."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua. Ulitaja jina lako."

Kabiru alitoa uso tunduni. Kisha akajisukuma kwa mikono, akaketi, akashuka. Kwa kawaida Murunga alimsaidia kuvaa sweta, kwa sababu mkono wa kushoto haukupanda juu ya bega. Siku hiyo aliposogea kumsaidia, Kabiru alitikisa kichwa. Akalivaa mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu sana. Mkono ulikwama katikati, akautoa, akaanza tena. Murunga alisimama kando akiangalia, kama alivyosimama kule kwenye mahema.

"Sawa," Kabiru alisema alipomaliza, akatoka.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Uchaguzi ulipita, Langas ikabaki shwari, akina Wahu wakarudi, na bado hakuja. Murunga alifungua chumba kila Alhamisi saa nne na hakupokea mtu mwingine kwa saa hiyo.

Nasike hakumpongeza kwa kusema ukweli.

"Ulitaka kupumzika, Baba Nekesa," alimwambia. "Umepumzika. Sasa yeye atakandwa na nani?"

Ni swali ambalo Murunga hajalijibu mpaka leo. Aliniambia alidhani ukweli ni deni la mtu kwa mwenziwe, na kwamba akiutoa atakuwa amemtendea Kabiru haki. Hakufikiri kwamba alikuwa anamnyang'anya kitu kingine: mikono pekee iliyoujua mgongo ule. "Nilimfungia mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili nilichoka kujiona mwovu. Zote zilikuwa kwa ajili yangu."

Mwezi wa Novemba, Wahu alibisha mlango wa chumba. Alikuwa peke yake, kilemba kimefungwa vizuri, uso umekauka. Murunga alimvutia kiti. Hakukaa.

"Amerudia vidonge," alisema. "Wiki iliyopita alitapika damu. Amelazwa siku nne. Wamemwambia akiendelea hivyo tutamzika."

"Mama Wanja, aje. Hata kama hataki kuongea, aje. Sitasema neno."

"Hawezi. Nimemwomba, nimempigia magoti. Anasema mikono yako ikimgusa atasikia ule mlango." Aliitazama mikono ya Murunga. "Sikuja kwa ajili ya hayo. Nimekuja unifundishe mimi."

Murunga alimwambia kazi hiyo inachukua miaka. Wahu akamjibu kwamba hataki kujifunza kazi, anataka kujifunza mgongo mmoja.

Basi akamfundisha. Alikuja Jumanne na Ijumaa, wiki sita. Mtu hujifunza kukanda kwa kukanda, na hapakuwa na mwili mwingine wa kujifunzia, kwa hivyo Murunga alivua shati, akapanda mezani, akaweka uso tunduni. Nasike alikaa pale kwenye kona akifuma, ili mambo yawe ya heshima. Murunga alimwelekeza kutoka chini: anza kwenye visigino, sasa panda, usitumie nguvu ya mkono, tumia uzito wa mwili, mguu mmoja mbele. Usiguse katikati ya mgongo. Ukifika kwenye bega, ngoja.

Siku za kwanza Wahu alibonyeza kwa hasira, na Murunga alimwacha. Siku ya tatu alimwambia:

"Punguza. Hivyo ukimfanyia atajikaza."

"Wewe umejikaza," Wahu alisema. "Hapa. Ni jiwe."

"Liache hilo."

Wahu hakuliacha. Aliweka gumba juu yake, akangoja, kama alivyofundishwa, na baada ya muda likalegea kidogo. Murunga aliniambia hakuwa amekandwa na mtu tangu yule mkandaji aliyemfundisha kule Plateau. Aliona haya. Alifurahi kwamba uso wake ulikuwa ndani ya tundu.

Siku ya mwisho Wahu alinawa mikono kwenye karai, akajipangusa, akasema jambo alilokuwa amelibeba wiki zote sita.

"Sijui ningefanya nini kama ningekuwa nyinyi. Nilikuwa kituo cha polisi Burnt Forest na wanangu, nilijua hofu ni nini. Siwahukumu. Lakini najua yeye angefungua, Baba Nekesa. Na yeye pia anajua. Hilo ndilo linalomsumbua kuliko bega."

Nasike aliacha kufuma.

Wahu akaenda kukanda mgongo wa mumewe, kila asubuhi nusu saa kabla ya kufungua kibanda chake cha viazi. Vidonge vilipungua, tumbo likapona. Kabiru hakurudi alikokuwa mwaka wa 2016. Hilo lazima niliseme. Mguu wa kushoto ulibaki mzito, na akaacha kupokea kazi za meza kubwa. Lakini halali tena akiwa amekaa. Wanawake wa mtaa waliposikia, walianza kumfuata Wahu na viuno vyao na mabega yao, na wale wanaomwendea Murunga wakiona haya kukandwa na mwanaume, yeye huwaelekeza kwa Wahu.

Wanaume wenyewe wawili wamekutana mara moja tu. Ilikuwa 2019, kwenye yadi ya mbao, barabara ya kuelekea mjini. Murunga alikwenda kununua mbao za rafu. Kabiru alikuwa pale akichagua mbao za msonobari, akizigonga kwa vifundo vya vidole. Hakukuwa na mahali pa kupishana. Kabiru ndiye aliyetoa mkono kwanza.

"Habari ya nyumbani?"

"Njema. Na kwako?"

"Tunaendelea." Kabiru aliangalia mbao. "Huyu mama anatumia gumba pale chini ya bega, na gumba lake linachoka. Mimi nafikiri angetumia kiwiko."

"Kiwiko ni sawa," Murunga alisema. "Lakini asiegemee. Aache uzito uje wenyewe."

"Nitamwambia."

Walisimama. Mtu wa yadi alikuwa akipakia mkokoteni, na kwa muda wakajifanya wanamtazama. Murunga alitaka kusema pole. Hakuwa amewahi kuisema. Siku ile ya Agosti alieleza tu yaliyotokea, kama shahidi. Alitaka pia kusema kwamba saa nne ya Alhamisi bado haina mtu. Lakini neno la kwanza lilionekana dogo na la pili lilionekana kama kumwomba Kabiru amsaidie yeye. Kabiru akainama kuokota ubao, akaupima kwa jicho moja, na kwa jinsi alivyoinama, akitumia goti la kulia na kuulinda mgongo, Murunga aliona kwamba Wahu alikuwa amemfundisha vizuri.

"Haya basi," Kabiru alisema.

"Haya."

Nilipomaliza kusikia hayo yote, nilimuuliza Murunga swali la kiualimu. Nilimuuliza, kama angerudishwa kwenye ile Alhamisi ya Agosti, angesema au angenyamaza? Alikuwa akinifanyia kazi upande wa kulia, karibu na nyonga. Mimi nilikuwa nikiangalia sakafu ya simenti na ncha za viatu vyake kupitia tundu la meza.

"Ningefungua, Mwalimu," alisema. "Hayo mengine hayangekuwako."

Kisha akaniambia nigeuke, anyooshe mguu.